Hita ya Noah inatoa harufu tamu: usinunue manukato, tafuta maji yanakokwenda

*Swali: Shikamoo fundi. Naishi Njombe mjini, nina Noah ya zamani, ile SR40. Napeleka watoto shule, na wikendi nashuka nayo Makambako kufuata mzigo. Tangu baridi ya Juni ianze, kila nikiwasha hita inatoka harufu tamu tamu, kama dawa ya kikohozi ya watoto iliyochemshwa. Kioo cha mbele kinashika ukungu, nikifuta kinarudi vilevile. Fundi wa kwanza alisema kapeti limeoza. Nimeliosha kwa sabuni, siku ya tatu harufu ikarudi. Wa pili anataka "kuikata hita" kwa kuunganisha mipira, anasema hita ni anasa tu. Nimetundika manukato matatu, sasa mke wangu anasema gari linanuka kama saluni iliyoungua. Naongeza maji kwenye rejeta kidogo kila wiki. Tatizo ni nini, na je, ni hatari?*

Marahaba, mdogo wangu. Umenieleza habari za kapeti na manukato kwa kirefu, halafu jibu lenyewe ukalitupia mwishoni kama vile si kitu: unaongeza maji kila wiki. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Hauli maji. Ukiona unaongeza, kuna mahali yanatoka, na kwa maelezo yako yanatoka ndani ya dashibodi. Unachokinusa ni maji ya injini.

Hita ya gari si jiko la umeme. Ni kirejeta kidogo, ukubwa wa kitabu kinene, kimefichwa nyuma ya dashibodi. Maji moto ya injini huingia kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, blowa (feni ya dashibodi) inapuliza hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayokupasha miguu. Kile kirejeta kikitoboka, hata tundu la ncha ya sindano, kulanti, yaani hayo maji ya injini yenye dawa, inatoka kama mvuke na blowa inakuletea usoni. Utamu unaousikia ni wa ethilini glaikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti nyingi. Huo "ukungu" wa kioo nao ni huohuo mvuke uliotua kwenye kioo baridi, ndiyo maana kufuta hakusaidii. Ni kama kufuta mafuta kwa kitambaa kikavu.

Usinisadiki kwa maneno tu. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, chukua karatasi nyeupe ya chooni, pangusa kioo cha mbele kwa ndani, pale chini karibu na matundu ya hewa. Ukungu wa pumzi ni maji, karatasi inalowa na kukauka. Kulanti inaacha utelezi, ukisugua kwa vidole unahisi kama glisirini, na ukinusa utaikuta harufu yako pale. Kisha ingiza mkono chini ya kapeti, pande zote mbili za katikati ya gari, juu kabisa pale miguu inapofika. Usiguse juu juu. Ingiza mpaka kwenye lile sponji la chini, maana kapeti linaweza kuwa kavu huku sponji limelowa chapachapa. Ukikuta maji matupu yasiyoteleza, hilo ni jambo jingine, nitalifikia. Ukikuta utelezi, kesi imekwisha.

Kama bado una wasiwasi, mwambie fundi alete pampu ya kupimia presha ya rejeta. Inafungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, anapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chako (nyingi za Toyota ni karibu baa 1.1) halafu mnasubiri dakika kumi na tano huku mmeangalia mshale. Ukishuka na chini ya gari pamekauka, yaelekea maji yanaingia ndani ya gari. Kipimo hiki kinafanyika bila kufungua skrubu hata moja ya dashibodi, na fundi asiyetaka kukifanya kabla ya kubomoa, mshukuru kwa muda wake uende kwa mwingine.

Sasa swali lako la hatari, na hapa nitakaa kidogo.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji ya kawaida kwenye sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Wanaopika maharage huko wanalijua hilo bila kipimajoto. Injini yako ikiwa na afya hutembea kwenye nyuzi themanini na kitu hadi tisini na kitu. Kwa nini basi haichemshi? Kwa sababu mbili: kulanti yenyewe huchemka juu zaidi ya maji, na kifuniko cha rejeta hufunga presha inayosukuma kiwango cha kuchemka juu zaidi tena. Wewe umezipoteza zote mbili. Kulanti umeipunguza makali kila wiki kwa maji ya bomba, na mfumo wenye tundu haushiki presha. Siku utakayopanda kutoka Makambako na mzigo wa gunia kadhaa, huku maji yamepungua bila wewe kuona, itachemka. Ikichemka mara moja unaweza kupona, lakini ya pili silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupinda. Gharama ya hita na gharama ya hedi hazikai kwenye sentensi moja.

Upande wa afya: kuvuta mvuke huo kunawasha macho na koo, na mtoto akikaa nao nusu saa kila asubuhi si jambo la kulizoea. Lakini hatari kubwa zaidi ya kulanti ni kuinywa. Ni tamu, na ni sumu ya figo. Fundi akimwaga ya zamani kwenye beseni, isiachwe uani walipo mbwa na watoto. Nimeona mbwa wa jirani akienda hivyo, na aliyeacha beseni lile alikuwa mimi, kijana nikijifunza kazi. Mtoto akionja, ni hospitali hapohapo, msisubiri dalili.

Kuhusu fundi wako wa pili. Kuunganisha mipira ili maji yapite bila kuingia kwenye hita si dhambi. Hata mimi nimefanya mara nyingi, barabarani, ili mtu afike. Kama atafanya, aunganishe ule wa kwenda na wa kurudi kwa bomba zuri na klipu za skrubu. Asizibe kila mmoja kwa bolti, maana maji hayo yanatakiwa yaendelee kuzunguka. Lakini anaposema hita ni anasa, huyo hajaendesha Njombe saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Hita ndiyo inayokausha kioo chako. Bila hita utaendesha umetoa kichwa dirishani kama dereva wa treni, kwenye ukungu, na mbele yako lori la magogo lisilo na taa za nyuma. Siku chache, sawa. Msimu mzima, hapana.

Kuna jambo moja la Noah yako ambalo huenda hakuna aliyekuambia. Magari mengi ya aina hiyo yana hita mbili: ya mbele, na nyingine ya abiria wa nyuma. Ya nyuma hupelekewa maji kwa mabomba yanayopita chini ya sakafu, pale matope na mawe yanapopiga, na mabomba yale huoza kwa kutu. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu ya mbele, lalia mgongo uangalie chini. Pia zima blowa ya mbele, washa ya nyuma peke yake, unuse. Kama kosa liko nyuma, unaweza kuikata ile ya nyuma moja kwa moja na maisha yakaendelea. Watoto watavaa masweta. Lakini ukungu wa kioo chako cha mbele unanifanya niweke pesa yangu kwenye ya mbele.

Kama ni ya mbele, utaambiwa njia za mkato. Ya kwanza ni unga au maji ya kuzibia matundu, na wazee wenzangu bado wanatia ute wa yai. Naomba usifanye. Dawa ya kuziba haijui tundu ni lipi na njia ni ipi. Sehemu yenye njia nyembamba kuliko zote kwenye mfumo mzima ni hiyohiyo hita, kwa hiyo ndiyo inayoziba kwanza. Utabaki na hita isiyovuja kwa sababu haipitishi maji kabisa, na rejeta kubwa iliyopungua nguvu. Njia ya pili ni kuchomelea. Hita za zamani za shaba, fundi wa rejeta anayejua kazi anaichomelea kwa risasi na inakaa miaka. Zile za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazipokei risasi. Gundi itashika wiki mbili, halafu utalipia tena kubomoa dashibodi.

Kwa hiyo ni kubadilisha. Kazi yenyewe si ngumu, ni ndefu. Kwenye gari nyingi dashibodi inatoka nusu au yote, na fundi asiye na subira ndiye anayekurudishia gari likigongagonga plastiki kila shimo. Mpe siku mbili, usimsimamie kichwani, na mwambie aweke skrubu za kila upande kwenye kopo lake. Ukinunua hita iliyotoka kwenye gari lililokatwa, usiipokee kwa macho. Izibe upande mmoja, ipulizie upepo kidogo upande wa pili, izamishe kwenye ndoo, kama unavyotafuta pancha kwenye tyubu. Povu moja tu, mrudishie mwenye duka. Kabla haijafungwa, mfumo usafishwe kwa maji mengi mpaka kutu iishe, maana maji ya bomba uliyokuwa ukiongeza huleta kutu, na kutu ile itaziba hita ya pili. Oringi na klipu ziwe mpya. Wanaobania hapo wanarudi gereji.

Kisha kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Nasisitiza maji, si asidi. Chupa zinafanana na dukani hukaa rafu moja. Au nunua iliyokwisha changanywa, ni salama kwa mtu mwenye haraka.

Na hapa ndipo kapeti linapoingia. Kulanti iliyokwisha kunywewa na sponji la chini haitoki kwa kusugua juu. Ulipoosha kapeti ulifanya kazi sahihi kwa wakati usio sahihi, maana tundu lilikuwa bado linavuja. Baada ya hita mpya, fungua viti vya mbele, inua kapeti lote, sponji lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lianikwe juani siku mbili, kwa Njombe ya sasa labda nne. Usipofanya hivyo harufu itabaki wiki nyingi nawe utamshtaki fundi asiye na kosa.

Ukiwa umefungua viti, tazama ule mfuniko wa injini. Noah yako injini yake iko chini ya viti vya mbele, na kinachokutenga nayo ni mfuniko wenye mpira kuzunguka pembeni. Kila aliyewahi kubadilisha plagi amefungua mfuniko huo, na nusu yao hawakuufunga klipu zote. Mpira ukichoka, kila kinachoungua kwenye injini kinapanda moja kwa moja kwenye kiti chako bila kupitia hita. Nimepata wateja waliobadilisha blowa, hita na kila kitu, kumbe harufu yao ilikuwa ya oili inayodondoka kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kuungua juu ya ekzosi. Hiyo hunuka kama karanga zilizoungua kwenye kikaango, na huzidi ukisimama kwenye foleni baada ya mwendo mrefu. Yako ni tamu, kwa hiyo si hiyo, lakini kama mpira umekwisha ubadilishe hata hivyo.

Kwa sababu ya mfuniko huohuo niseme la ekzosi. Harufu ya moshi wa gari ndani ya gari haisubiri Jumamosi. Ndani ya moshi ule kuna kaboni monoksaidi, nayo haina harufu wala rangi. Unachonusa ni wenzake inaosafiri nao. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukisikia kichwa kizito, kichefuchefu, watoto wanasinzia bila sababu, shusha vioo, simama, zima. Na yeyote asilale ndani ya gari linalounguruma eti apate joto la hita, hasa limeegeshwa kwenye banda.

Barua ninazopata zaidi kuliko yako ni za harufu ya soksi mbichi, chachu, inayotoka dakika mbili za mwanzo kisha inapungua. Hiyo si hita. Ni evaporeta ya AC, kile kipande kinachopoza hewa, kinachokaa sanduku moja na hita, imeota kuvu. Watu wa nyanda za juu hunibishia hapo: "Fundi, mimi AC siwashi, huku baridi!" Unawasha, hujui tu. Kwenye gari nyingi ukibonyeza kitufe cha kupuliza kioo cha mbele, kompresa ya AC inajiwasha ili ikaushe hewa. Evaporeta inalowa, unazima gari, unyevu unabaki gizani usiku kucha. Maji yake yanatakiwa kutoka kwa kibomba chini ya gari. Kikizibwa na majani, yanamwagika kwenye kapeti, na hayo ndiyo yale maji matupu yasiyoteleza niliyokuambia. Zibua kibomba, toa majani yaliyojaa chini ya wipa ambako hewa inaingilia (huko kwenu ni sindano za misindano na majani ya miwati, yanaoza vizuri sana), badilisha filta ya hewa ya ndani kama gari lako lina nafasi yake, halafu evaporeta ipuliziwe povu lake maalumu. Si jiki. Jiki inaila aluminiamu, na mvuke wake utaupumua wewe. Baada ya hapo jenga tabia ya kuzima AC dakika tatu nne kabla ya kufika na kuacha feni ikaushe.

Harufu ya plastiki inayoungua, na blowa inafanya kazi namba ya juu tu: ni risista ya blowa (kifaa kinachopunguza kasi yake) au plagi yake ya waya. Zima, kabla ya chochote angalia kama kuna aliyeweka waya mahali pa fyuzi. Harufu ya vumbi la moto siku ya kwanza ya baridi, ikiisha ndani ya dakika chache, iache. Panya aliyekufa hahitaji maelezo, utamjua, na ukishamtoa osha kila alipolala, ukiwa na glavu.

Rudi kwenye yako. Ukishafunga hita mpya, kosa la mwisho linalowapata wengi wa Noah ni upepo. Mabomba ya maji kutoka chini ya viti hadi rejeta ya mbele ni marefu, na hewa hujificha humo. Gari lisimame pua ikiwa juu kidogo, hita iwekwe kwenye moto kabisa, ya mbele na ya nyuma, kulanti imiminwe polepole huku injini ikizunguka taratibu mpaka povu liishe na hita zote mbili zipulize moto. Ukisikia kama maji yanabubujika nyuma ya dashibodi, upepo bado umo. Funga, zungusha mtaani, acha ipoe usiku mzima, na asubuhi, ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko uongeze iliyopungua. Usikifungue ikiwa ya moto, hata kama fundi anakuambia amezoea.

Weka alama ya kalamu kwenye kopo la akiba, pale kulanti ilipofika. Iangalie siku ya tatu na siku ya saba. Ikiwa palepale, toa yale manukato matatu, uendeshe wiki moja ukiwa umefunga vioo. Ikishuka tena na kapeti ni kavu, niandikie kama asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe wenye utamu uleule, maana hapo tutakuwa tunazungumza habari ya gasketi ya hedi.